Ziwa Dogo Ndani ya Kioo

1. Ziwa kubwa

Mji wa Kalemie umekaa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mahali pale ambapo mto Lukuga unatoka ziwani na kushika njia ya kwenda kukutana na Lualaba. Ziwa hilo lina urefu wa kilometa 670 hivi. Pale penye kina kirefu kupita pote, mtu angeshusha kamba ya meta 1,470 ndipo aguse chini. Katika maziwa yote ya dunia, ni moja tu linalolishinda kwa kina, nalo ni Ziwa Baikal la nchi ya Urusi. Nchi nne zinaligawana: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia.

Mtoto wa Kalemie huliona ziwa hilo kila siku. Usiku huona taa za wavuvi wa ndakala zikimetameta mbali kama mji mwingine. Asubuhi huwaona akina mama wakinunua mukebuka na kuhe ufukweni. Lakini maisha ya samaki chini ya maji hayaoni. Samaki akifika mkononi mwake amekwisha kufa, au yu karibu kufa. Anakula nini? Analala wapi? Anawaleaje watoto wake? Mambo hayo yamefichwa na maji.

Kwa sababu hiyo watu wakabuni chombo cha kuwatazamia samaki wakiwa hai. Chombo hicho ni sanduku la kioo lenye maji, mchanga, majani na samaki. Huitwa akwariamu. Habari hii yaeleza jinsi darasa la tano la shule moja ya Kalemie lilivyotengeneza akwariamu yake, na yale ambayo watoto walijifunza humo.

2. Majani yanayosafisha hewa

Mwalimu hakuanza kwa kukata kioo. Alianza kwa kuuliza swali.

“Watoto, mtu akifungiwa ndani ya sanduku lisilo na tundu, itakuwaje?”

“Atakufa, Mwalimu,” wakajibu. “Atakosa pumzi.”

“Vema. Na samaki je, anavuta pumzi?”

Watoto wakatazamana. Wengine walisema ndiyo, wengine walisema hapana. Mwalimu akawaeleza kwamba samaki naye huvuta hewa, ila yeye huivuta ile iliyochanganyika na maji. Maji huingia kinywani mwake na kutokea kwenye matamvua, na matamvua huchukua oksijeni iliyomo. Maji yakikosa oksijeni, samaki hufa ingawa yumo majini.

Kisha akaleta mtungi mdogo wa kioo. Ndani yake alitia maji safi na tawi moja la gugu la majini, akauweka juani. Baada ya kitambo kidogo mapovu madogo yakaanza kutoka kwenye majani na kupanda juu, moja baada ya jingine, kama ushanga unaotungwa. Akauhamisha mtungi kivulini, akaufunika kwa kitambaa cheusi. Walipoufunua baadaye, mapovu yalikuwa yamekoma.

Jambo hilo liliandikwa zamani na mganga mmoja Mholanzi aliyeitwa Jan Ingenhousz. Mwaka 1779 alionyesha kwamba majani mabichi hutoa hewa njema yanapopata mwanga, na kwamba gizani hayaitoi. Hewa hiyo njema ndiyo oksijeni.

Miaka 70 hivi ikapita. Huko London palikuwa na mtaalamu wa kemia, jina lake Robert Warington. Mwaka 1850 alieleza jinsi alivyotia samaki wawili wadogo katika chombo cha kioo pamoja na jani refu kama utepe, ambalo wenye elimu huliita Vallisneria. Samaki walipata oksijeni kutoka katika jani, na jani lilipata chakula kutoka katika uchafu wa samaki. Lakini majani makuukuu yalianza kuoza na kuyachafua maji. Warington akatia konokono wa kuyala yale yaliyooza, na maji yakatakata. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki kwa watu wote, na toka hapo akwariamu zikaenea duniani.

Mwalimu akamaliza hivi: “Basi samaki asiye na jani ni mpangaji asiyelipa kodi. Sisi tutapanda majani kwanza, samaki watakuja nyuma.”

3. Kutengeneza sanduku

Fundi vioo alikata vipande vitano vya kioo chenye unene wa milimeta 6: kimoja cha chini, viwili virefu vya mbele na nyuma, na viwili vifupi vya kandoni. Aliviunganisha kwa gundi ya silikoni. Gundi hiyo hutoa harufu kali kama ya siki inapokauka. Kwa hiyo sanduku liliachwa wazi kivulini juma zima mpaka harufu ikaisha kabisa. Kisha lilijazwa maji nje ya darasa, likaachwa usiku kucha. Asubuhi palikuwa pakavu chini yake, ndipo fundi akalipwa fedha zake.

Hesabu nazo zilifanywa. Ndani, sanduku lilikuwa na urefu wa sentimeta 60, upana wa sentimeta 30 na kimo cha sentimeta 30. Mwalimu aliamua kwamba maji yasifike ukingoni, bali yaishie sentimeta 27. Watoto wakazidisha: 60 mara 30 mara 27. Jibu ni sentimeta za ujazo 48,600, yaani lita 48 na zaidi kidogo.

“Na lita moja ya maji ina uzito gani?” akauliza Mwalimu.

“Kilo moja!”

“Basi maji peke yake ni karibu kilo 49. Ongezeni kioo, ongezeni mchanga. Je, meza ya mguu mmoja mbovu itafaa?”

Watoto wakacheka, wakaileta meza ya mti mgumu, wakaisukuma mpaka karibu na dirisha. Mahali hapo palikuwa na mwanga mwingi, lakini jua lenyewe halikuingia kwa ukali. Jua kali hupasha maji joto na kuyafanya yawe ya kijani kibichi kwa wingi wa mwani. Juu ya meza walitandika mkeka mwembamba, maana punje moja ya mchanga chini ya kioo yaweza kukipasua. Sanduku likiisha kujazwa, halisogezwi tena.

4. Hatari ya ukingo wa maji

Sasa yalitakiwa mchanga, majani na maji. Watoto walitaka kukimbilia ufukweni mara moja. Mwalimu akawazuia.

Katika maji yaliyotulia yenye majani mengi huishi konokono wadogo. Baadhi yao wamebeba vijidudu vya kichocho, ugonjwa ambao wengine huuita bilhazia. Vijidudu hivyo hutoka katika konokono, huogelea, na vikimkuta mtu majini hupenya ngozi yake bila yeye kuhisi. Baadaye mtu huugua tumbo, au hutoa damu, na mtoto hukonda na kukosa nguvu ya kusoma. Tena katika majani ya ukingoni mamba hujificha. Kwa hiyo hakuna mtoto aliyeingia majini kwa ajili ya kazi hii.

Mvuvi mmoja, baba wa mtoto wa darasa lile, ndiye aliyesaidia. Alivaa viatu virefu vya mpira na glavu, akachuma majani ya namna mbili. La kwanza ni lile lile jani-utepe la Warington, maana nalo humea katika Ziwa Tanganyika. La pili halina mizizi, nalo linafanana na mkia wa mbweha. Wenye elimu huliita Ceratophyllum. Kisha alipiga kasia mpaka mbali na ufuko, akajaza bidoni za maji safi.

Majani yalioshwa, yakatazamwa moja moja. Kila konokono aliondolewa, na kila ute wenye mayai ulifutwa. Yakaachwa ndani ya ndoo siku mbili, yakatazamwa tena, na maji yake yakamwagwa mahali pakavu mbali na kisima. Maji ya bidoni nayo yalichujwa kwa kitambaa, yakakaa siku mbili, kwa kuwa vijidudu vya kichocho visipompata mtu haviishi zaidi ya siku mbili hivi. Warington aliwahitaji konokono wake. Watoto wa Kalemie waliwakataa wa kwao, na walikuwa na haki.

Shule isiyo karibu na ziwa yaweza kutumia maji ya bomba. Lakini hayo hutiwa klorini ya kuua vijidudu, na klorini hiyo humuumiza samaki. Basi huwekwa katika ndoo iliyo wazi siku moja au mbili mpaka klorini itoke.

5. Bustani ndani ya maji

Mchanga ulioshwa mara nyingi, mpaka maji ya kuoshea yakawa meupe. Hapakutumika sabuni hata kidogo, kwa sanduku, kwa ndoo wala kwa mikono, maana sabuni ni sumu kwa samaki. Mchanga ukatandazwa chini, unene wa sentimeta 4.

Jani-utepe lina mizizi, nalo lahitaji udongo wenye chakula. Lakini udongo ukitandazwa chini ya mchanga, samaki wachimbao wataufukua na maji yatachafuka. Kwa hiyo watoto walifinyanga vyungu vidogo vinane vyenye kimo cha kikombe, vikachomwa vizuri. Ndani yao walitia udongo wa bustani uliochekechwa, usio na samadi, na juu yake mchanga wa vidole viwili. Katika kila chungu walipanda miche miwili. Shina lilikaa juu ya mchanga kidogo, maana likizikwa huoza.

Vyungu vilipangwa nyuma na kandoni, na mbele pakaachwa wazi. Mawe mawili ya ziwani yaliwekwa katikati, yakakalishwa imara yasije yakaanguka na kuvunja kioo. Kisha sahani ikawekwa juu ya mchanga, na maji yakamiminwa polepole juu ya sahani ili mchanga usitibuke. Mwishoni matawi ya mkia wa mbweha yakaachwa yaelee. Juu ya sanduku waliweka wavu mwembamba wa kuzuia mbu, kwa sababu mbu hupenda kutaga katika maji yaliyotulia.

Siku ile maji yalikuwa na ukungu kama maji ya mchele. Kesho yake yalikuwa safi, na majani yalisimama yakitikisika kidogo. Watoto wa madarasa mengine walikuja kuchungulia dirishani.

6. Mkosi wa siku ya tatu

“Mwalimu, samaki wataingia lini?”

“Baada ya majuma sita.”

Majuma sita! Watoto walinung'unika. Maji ni safi, majani ni mazuri, kungoja ni kwa nini? Mwalimu akasema tu, “Maji haya bado hayajaiva.” Hawakuelewa. Maji si ugali, yataivaje?

Yule mtoto wa mvuvi hakuweza kuvumilia. Asubuhi ya siku ya pili, kabla ya kengele, alileta visamaki sita ndani ya kopo, akavitia sandukuni. Kwa kuwa aliwahurumia, aliwamegea na ugali wa kutosha. Wenzake walipowaona samaki wanaogelea walipiga makofi. Mwalimu siku ile alikuwa safarini.

Jioni ugali uliosalia ulikuwa umelala juu ya mchanga, umeanza kuvimba. Siku ya tatu asubuhi maji yalikuwa meupe kama maziwa, yakinuka. Visamaki vinne vilikuwa vimegeuza matumbo juu. Viwili vilivyobaki vilikuwa juu kabisa, vinywa wazi, vikihema kwa haraka.

Mwalimu aliporudi aliwakuta watoto wamenyamaza kimya. Hakuuliza ni nani. Aliagiza vile viwili vitiwe katika ndoo ya maji ya ziwa na kurudishwa upesi pale vilipotoka. Ndipo yule mtoto akasimama.

“Mwalimu, ni mimi. Niliona maji ni safi. Sikujua kwamba yana sumu.”

“Mwanangu,” akasema Mwalimu, “maji hayakuwa na sumu. Sumu ililetwa na samaki wenyewe, pamoja na ugali wako. Kaa chini, na wote sikilizeni.”

7. Sumu isiyoonekana na watumishi wasioonekana

Samaki hula, na baada ya kula hutoa uchafu. Uchafu huo, pamoja na chakula kilichooza, hutoa kitu kiitwacho amonia. Amonia haionekani kwa macho, lakini huunguza matamvua ya samaki. Katika maji ya Ziwa Tanganyika, yaliyo na hali ya magadi, amonia huwa kali kuliko katika maji mengine. Tena kuoza kwenyewe hula oksijeni. Basi wale visamaki waliuawa na mambo mawili kwa mara moja: sumu na kukosa pumzi.

Mbona ziwani hawafi? Kwanza, maji ya ziwani ni mengi mno. Pili, katika mchanga, juu ya mawe na juu ya majani huishi viumbe wadogo sana wasioonekana, waitwao bakteria. Wengi huwajua bakteria kwa magonjwa tu, lakini wako walio watumishi wema. Kundi la kwanza hula amonia na kuigeuza kuwa nitriti. Nitriti nayo bado ni sumu. Kundi la pili huipokea nitriti na kuigeuza kuwa nitrati. Nitrati haina ukali huo, na majani huitumia kama mbolea. Hivyo uchafu wa samaki huwa chakula cha jani, na jani humrudishia samaki oksijeni mchana.

Watumishi hao huongezeka polepole. Katika sanduku jipya ni wachache mno, hawawezi kazi. Huhitaji majuma manne hadi sita ili wawe wengi wa kutosha. Hiyo ndiyo maana ya maji kuiva. Usafi wa macho si usafi wa kweli: maji yanayong'aa yaweza kuua, na jiwe lenye utelezi laweza kuwa limebeba uhai.

Watoto walitoa ugali wote, wakabadili maji, wakaanza upya. Kila siku mbili walitia kidole kidogo cha unga wa ndakala, usiozidi punje chache, ili bakteria wapate chakula. Mvuvi aliwaletea konzi moja ya mchanga kutoka mbali na ufuko, wenye bakteria wa ziwa. Mwalimu alimpa yule mtoto daftari, akamwambia, “Wewe utaandika kila siku: rangi ya maji, harufu, na idadi ya majani mapya.” Tangu hapo hapakuwa na mlinzi mwaminifu kuliko yeye.

Katika juma la tatu majani ya jani-utepe yalitoa vikonyo vilivyotambaa juu ya mchanga na kuzaa miche mipya. Katika juma la sita maji yalikuwa angavu, hayana harufu ila ile ya mvua. Maji yalikuwa yameiva.

8. Samaki wa ganda la konokono

Ni samaki gani wa kutia? Sangala hafai, maana hukua akawa mkubwa kuliko sanduku. Ndakala hafai, maana huenda makundi makubwa katika maji mapana, na akiguswa tu hufa. Sanduku dogo lahitaji samaki mdogo anayekaa mahali pamoja.

Ziwa Tanganyika lina samaki wa namna hiyo. Katika jamii ya sikilidi, ziwa hili lina namna zaidi ya 200, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Tangu mwaka 1946 hadi 1947, Kalemie ikiitwa bado Albertville, wataalamu kutoka Ubelgiji walizunguka ziwa wakiuchunguza uhai wake. Mmoja wao, Max Poll, aliandika habari za samaki wengi. Baadaye, mwaka 1971, Mbelgiji mwingine, Pierre Brichard, alianza huko Bujumbura kazi ya kukamata samaki hai na kuwapeleka ng'ambo kwa ndege. Leo samaki wa Tanganyika wanafugwa katika nyumba za watu huko Ulaya, Marekani na Japani. Mtoto wa Ujerumani huweza kumjua samaki ambaye mtoto wa Kalemie hajapata kumwona akiwa hai!

Darasa lilichagua dume na jike wa namna iitwayo Neolamprologus brevis. Samaki huyu hapiti sana sentimeta 6. Nyumba yake ni ganda tupu la konokono mkubwa wa ziwa, aitwaye Neothauma, asiyeishi mahali pengine popote ila Tanganyika. Konokono akifa, ganda lake hubaki chini kwa miaka mingi, na samaki huyu huhamia humo. Akiona hatari huingia chap, mkia ukiwa wa mwisho kutoweka.

Watoto waliweka maganda matano matupu juu ya mchanga wa mbele. Samaki walifika katika mfuko wa maji ya ziwa. Mfuko ulielezwa juu ya maji ya sanduku nusu saa, ili joto lilingane, kisha maji ya sanduku yakatiwa mfukoni kidogo kidogo. Ndipo samaki wakaachwa huru. Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Wote walinyamaza wakitazama. Samaki walijificha nyuma ya chungu siku nzima. Kesho yake walikuwa wamechagua ganda moja, wakalifukulia mchanga hata mlango wake ukakaa sawa. Dume alisimama mlangoni na kupanua mapezi kila kidole kilipokaribia kioo.

9. Kazi ya kila siku na ya kila juma

Chakula kilitolewa mara moja kwa siku, kiasi cha kumalizika kwa muda wa dakika mbili. Kilikuwa unga wa ndakala mkavu, na mara nyingine viluwiluwi vya mbu kutoka katika pipa la maji ya mvua. Samaki walivifurahia mno, na mbu wakapungua.

Kila Jumamosi robo ya maji ilibadilishwa, yaani lita 12. Watoto walitumia mpira mwembamba. Waliujaza maji kwanza, hawakuuvuta kwa kinywa. Maji yaliyotolewa yalimwagiwa mchicha, nao ukastawi kwa ile nitrati. Maji mapya yalikuwa yamekaa siku mbili. Mawe hayakusuguliwa, wala mchanga haukuoshwa tena, wasije wakafukuzwa watumishi wasioonekana. Majani yaliyozidi yalipunguzwa, maana usiku majani hayatoi oksijeni, bali nayo huvuta kama samaki. Ndiyo sababu samaki walibaki wawili, ingawa kila mtu alitamani kuongeza.

Siku moja, katika mwezi wa tatu, mwenye daftari aliona vitu vidogo kama nukta mbili na mkia, vikicheza mlangoni mwa ganda. Alihesabu kumi na moja, kisha vyote vikaingia ndani mara moja. Aliandika katika daftari: “Leo samaki 13.” Kisha akamwita Mwalimu.

10. Somo la ziwa kubwa

Akwariamu ni ziwa dogo, na ziwa ni akwariamu kubwa. Tofauti ni hii: katika sanduku kosa la mtu huonekana siku ya tatu, lakini katika ziwa huchukua miaka mingi kuonekana.

Hata Ziwa Tanganyika, kwa ukubwa wake wote, halina oksijeni kila mahali. Samaki huishi katika tabaka la juu tu. Chini ya meta 200 hivi maji hayana pumzi, na sehemu kubwa ya kile kina kirefu haina samaki. Upepo ndio unaoyachanganya maji na kupandisha juu chakula kilichozama. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza kwamba maji ya juu yamepata joto kuliko zamani, na kwa hiyo hayachanganyiki vema na yale ya chini. Chakula cha samaki kimepungua. Mwaka huo huo nchi nne za ziwa zilitia sahihi mapatano ya kulitunza pamoja.

Vilima vikikatwa miti, mvua huteremsha udongo ukafunika mawe na maganda ambamo samaki huzaa. Takataka zikitupwa, huoza kama ugali ule. Wavu wenye macho madogo mno huvua watoto wa samaki kabla hawajakua. Tena samaki au gugu la nchi nyingine halitupwi kamwe ziwani, maana laweza kuwashinda wenyeji. Mtu mmoja hawezi kubadili maji ya Ziwa Tanganyika kila Jumamosi. Basi ni afadhali kutoyachafua.

MANENO

Matamvua: viungo vya samaki vya kuvutia pumzi.
Mwani: mimea midogo ya kijani iotayo katika maji na juu ya mawe.
Amonia: sumu itokayo katika uchafu wa samaki na vitu vilivyooza.
Bakteria: viumbe wadogo sana wasioonekana kwa macho.
Kikonyo: tawi jembamba litambaalo na kuzaa mche mpya.

MASWALI

1. Ziwa Tanganyika linagawanywa na nchi zipi? Mto upi unatoka ziwani karibu na Kalemie?
2. Kwa nini mapovu yalikoma mtungi ulipofunikwa?
3. Sanduku lina urefu wa sentimeta 50, upana wa sentimeta 25, na maji yake yana kimo cha sentimeta 24. Lina lita ngapi?
4. Kwa nini watoto hawakuchuma majani wao wenyewe?
5. Kwa nini majani yalipandwa katika vyungu?
6. Visamaki vinne viliuawa na nini? Taja mambo mawili.
7. Eleza maana ya maneno haya: “Maji bado hayajaiva.”
8. Warington alitia konokono, darasa la Kalemie halikutia. Kwa nini?
9. Kwa nini mawe ya sandukuni hayasuguliwi?
10. “Usafi wa macho si usafi wa kweli.” Toa mfano mwingine, nje ya habari hii.

KAZI

Chora sanduku la kioo lenye maji, vyungu, majani, maganda na samaki. Kisha chora mishale kuonyesha jinsi uchafu wa samaki unavyogeuka kuwa chakula cha jani, na jinsi jani linavyomrudishia samaki oksijeni.